Kupima ufuo unaohama kwa data za leza ya ndege, nikiwa Moshi

Mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekata barabara ya shamba tulilotakiwa kulipima, kijana tunayefanya naye kazi alinisogezea laptopu yake. Kwenye kioo kulikuwa na picha mbili za setilaiti za ufuo wa Pangani, moja ya zamani na moja ya karibuni. Katika kila picha alikuwa amechora mstari pale maji yanapokutana na mchanga, akapima nafasi iliyo katikati.

"Dada, bahari imekula mita arobaini."

"Picha hii ilipigwa maji yamejaa au yamekupwa?"

Akanyamaza. Simlaumu. Sisi wa huku mlimani tunaifikiria bahari kama bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo ukiliacha asubuhi, jioni unalikuta palepale. Lakini kwenye mwambao wetu, siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa, na kazi hiyo huifanya kwa muda wa saa sita hivi. Chukua ufuo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20 za kutembea: mita 3 za kimo ni mita 60 za mchanga. Picha mbili za siku moja, moja ya alfajiri na nyingine ya saa sita mchana, zinatosha kukuonyesha mita 60 zimeliwa, na jioni zimerudi zote.

Kinachoniuma ni kwamba Pangani bahari inakula kweli. Ni nyumbani kwa mume wangu. Mama mkwe amenionyesha visiki viwili vya minazi ambavyo maji yakijaa vinazama, akaniambia alipoletwa pale kama bibi harusi minazi hiyo ilikuwa nyuma ya jiko lake la nje. Jambo la kweli namna hiyo likipelekwa mbele ya watu kwa kipimo kibovu, mtaalamu mmoja atalikosoa kwa dakika mbili na wote watarudi nyumbani wakiamini hakuna kitu. Ndiyo maana nikakaa na kijana huyo jioni za wiki tatu, ofisini kwetu Majengo, nikamfundisha kupima ufuo kwa vimo vya leza. Ninachoandika hapa ni yale tuliyofanya, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipangia mimi nilipoanza.

Mstari wa pwani ni kimo

Hili likikuingia, mengine yote yatafuata. Mstari tunaoutafuta ni mahali ambapo ardhi ina kimo fulani kilichochaguliwa, yaani kontua moja. Maji yawe yamejaa, yamekupwa au yamechafuka, kontua iko palepale mpaka mchanga wenyewe uhame.

Mimi ni wa Uru, na babu yangu alikuwa miongoni mwa wazee waliotunza mfongo, ule mfereji wa kuleta maji shambani kutoka juu mtoni. Mfongo unashika kimo na kukiachia kidogo kidogo, ukizunguka kila kilima na kila korongo. Wazee walijua jambo ambalo mimi nililipata darasani kwa hesabu: kwenye ubavu mkali wa korongo, ukikosea kimo kwa upana wa kiganja, mfereji unasogea nusu hatua tu; kwenye uwanda, kosa lilelile linakuingiza shamba la jirani. Ufuo ni hivyohivyo. Usahihi wa mstari wako unategemea mteremko wa mchanga kuliko unavyotegemea bei ya mashine iliyopima. Nitalirudia hili kwenye hesabu za makosa, kwa sababu ndipo wengi wanapoanguka.

Kimo kinachotumika sana, hasa Marekani, ni wastani wa maji kujaa. Wenzetu wale wamechukua maji kujaa yote yaliyopimwa katika vituo vyao kwa miaka 19, kuanzia 1983 hadi 2001, wakapata wastani wake. Miaka 19 kwa sababu mzunguko wa njia ya mwezi unaobadilisha nguvu ya bamvua huchukua miaka 18.6, ukipima kipindi kifupi unapata sehemu tu ya mzunguko. Hawakuchagua maji kupwa, na kwa sababu nzuri: chini kule mawimbi na maji yaliyobaki mchangani yanaizuia leza isifike ardhini.

Data zinatoka wapi

Ndege hupita juu ya ufuo ikitupa mipigo ya leza kwa maelfu kila sekunde. Kila mpigo ukigonga kitu unarudi, mashine inapima muda, na kwa kuwa mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, muda unageuka umbali. Kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni sentimita 15 za kimo. GPS inasema ndege ilikuwa wapi, na kifaa kingine kinahisi jinsi ilivyoinama. Teknolojia hii ndiyo laida, na matokeo yake ni wingu la nukta, kila nukta ikiwa na mashariki yake, kaskazini yake na kimo chake.

Leza ni za rangi mbili, na lazima ujue umeshika ipi. Ile isiyoonekana kwa macho, ya nanomita 1064, haiingii majini. Ya kijani, nanomita 532, inapenya maji maangavu na kuonyesha hata sakafu ya bahari karibu na ufuo. Kwenye mdomo wa mto kama wa Pangani, ambako maji yana tope, usiitegemee hiyo ya kijani kwenda mbali.

Kwa kujifunza tulitumia data za Marekani. NOAA, taasisi yao ya bahari na hali ya hewa, inazitoa bure kwenye ukurasa wake uitwao Data Access Viewer, na kwenye fukwe nyingi utakuta ndege imepita zaidi ya mara moja kwa miaka tofauti. Hilo ndilo unalolihitaji: mabadiliko hayapimwi kwa safari moja.

Nilichagua kisiwa cha Assateague, na nakushauri uanzie hapo. Ni kisiwa chembamba cha mchanga chenye urefu wa kilomita 60 hivi, kwenye majimbo ya Maryland na Virginia. NASA ilikuwa na mashine ya leza iliyotengenezwa kupima barafu ya Greenland. Katikati ya miaka ya 1990, kwa ushirikiano na NOAA na USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, ikaanza kuirusha juu ya fukwe, na Assateague, iliyo jirani na kituo chake cha Wallops, ikawa kati ya za mwanzo. Kwa hiyo kuna data za 1996 na 1997, na kuna za baadaye, zikiwemo za baada ya kimbunga Sandy cha Oktoba 2012.

Sababu ya pili ni kwamba kisiwa hiki kinasomeka. Agosti 1933 kimbunga kilikata mlango wa bahari kusini mwa mji wa Ocean City. Mlango ukajengewa kuta za mawe ili vyombo vipite. Mchanga wa pwani ile unasafiri kutoka kaskazini kwenda kusini, ukagonga ukuta na kukwama. Upande wa mjini ufuo ukanenepa; ng'ambo ya pili, ncha ya kaskazini ya Assateague ikakosa mchanga wake na imerudi nyuma kuelekea bara kwa mamia ya mita. Ukipima na ramani yako ikaonyesha kinyume, ujue umegeuza alama mahali fulani. Mwanafunzi anahitaji mahali penye jibu linalojulikana.

Kupakua bila kumaliza bando

Chora kisanduku kidogo. Kijana wangu alichora kisiwa kizima na faili zikawa gigabaiti kadhaa. Tulizisubiri usiku mbili, na usiku wa pili umeme ukakatika. Kilomita 2 kwa 1 zinatosha kabisa.

Kwenye fomu ya kuomba data utaulizwa mambo manne, na mawili kati yake ndiyo yanayoharibu kazi za watu. Muundo wa faili: chagua nukta, aina ya LAZ, maana imebanwa. Makadirio ya ramani: chagua UTM, gridi ya ramani inayogawa dunia kwa kanda, kanda ya 18 kaskazini, kwa mita. Halafu rejea ya vimo, yaani sifuri inapoanzia: chagua NAVD88, mfumo wa vimo wa Marekani. Kipimo cha vimo: mita, siyo futi. Chagua hivyohivyo kwa safari zote mbili za ndege. Unaweka barua pepe, kiungo kinakuja.

Kuhusu rejea ya vimo nina la kusema. Mara yangu ya kwanza nilipakua safari moja kwa NAVD88 na nyingine kwa vimo vya elipsoidi. Nikatoa moja kwenye nyingine, na kisiwa kizima kikawa kimeshuka zaidi ya mita 30. Nilikaa siku nzima nikitafuta kosa kwenye programu. Elipsoidi ni yai laini la hesabu, GPS inahesabu kutoka hapo. Usawa wa bahari una mabonde na vilima vyake, unaitwa geoidi, na tofauti ya viwili hivyo inabadilika kutoka mahali hadi mahali. Ile 5,895 ya Kibo ambayo kila mtoto wa Moshi anaijua ni mita juu ya usawa wa bahari. Kifaa kinachohesabu kutoka elipsoidi kingekupa namba nyingine ukiwa umesimama kilele kilekile. Kwa hiyo, kabla ya chochote, fungua faili, gusa nukta kwenye mchanga karibu na maji. Ikisoma mita moja au mbili, endelea. Ikisoma hasi thelathini na kitu, simama.

Kwa kimo cha wastani wa maji kujaa, NOAA ina programu ya bure, VDatum. Unaipa latitudo na longitudo ya mahali baharini mbele kidogo ya ufuo wako, unaiambia igeuze sifuri ya wastani wa maji kujaa kuwa NAVD88, inakupa namba moja. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Itumie hiyohiyo kwa miaka yote unayoilinganisha.

Kutoka nukta hadi mstari

Tulitumia QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure, toleo la 3.32 au la juu zaidi, kwa sababu kuanzia hapo ina zana za kuchakata mawingu ya nukta ndani yake. CloudCompare nayo ni nzuri kwa kuangalia wingu kwa pembeni. Ukiona nukta zinaelea angani, ni ndege wa baharini au mawingu, na zile zilizo chini ya ardhi ni mwangwi wa uongo. Zitoe.

Data mpya huja zimeainishwa: namba 2 ni ardhi, 9 ni maji, 6 ni majengo. Chuja ubaki na 2. Za miaka ya 1990 mara nyingi hazijaainishwa, na nukta zake ni chache, kwa hiyo vichaka na paa vinabaki humo. Kwenye mchanga mtupu wa mbele haina madhara makubwa. Nyuma kwenye vilima vya mchanga vyenye nyasi, usiamini kimo cha zamani bila kukitazama.

Hatua inayofuata watu wanairuka, nami nakuomba usiiruke. Tafuta kitu ambacho hakijahama: barabara ya lami, uwanja wa kuegesha magari. Soma kimo chake kwenye safari zote mbili katika sehemu ishirini au thelathini. Tofauti inatakiwa izunguke sifuri. Ikiwa kila mahali safari ya pili iko juu kwa, tuseme, sentimita 12, hiyo ni hitilafu ya upimaji, mchanga hauhusiki, na unaiondoa kabla ya kuendelea. Mpima yeyote anayefunga kazi yake kwenye bikoni, ile alama ya kudumu ya upimaji, anaelewa kwa nini. Barabara ndiyo bikoni yako.

Sasa geuza nukta kuwa rasta, yaani gridi ya vijisanduku (pikseli) ambavyo kila kimoja kina kimo chake, yenye pikseli za mita 1 kwa data mpya, mita 2 au 3 kwa za zamani. Kisha kikokotoo cha rasta: toa namba ya wastani wa maji kujaa kwenye kila pikseli. Mstari wa pwani sasa ni kontua ya sifuri. Kwenye zana ya kontua andika nafasi ya mita 100 kati ya kontua na kontua. Kwa kuwa kisiwa hakifiki mita 100, itakuchorea ya sifuri peke yake. Nilipata njia hii baada ya kuhangaika sana na kontua mamia nisizozihitaji.

Utapata mstari mmoja mrefu na vijiduara vingi. Vijiduara ni madimbwi na mashimo nyuma ya tuta la ufuo. Futa kila kilicho kifupi kuliko mita 50, halafu pitia uliobaki kwa macho yako, polepole, wingu la nukta likiwa chini yake. Usiulainishe mpaka upendeze. Ufuo wenyewe una mapindo, na pindo la mita 20 linaweza kuwa ndiyo habari.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi pale nukta zinapokuwa chache au mawimbi yalipokuwa yamefunika sehemu ya chini siku ya ndege. Ilichapishwa na Hilary Stockdon na wenzake mwaka 2002. Badala ya rasta, unakata ufuo kwa mistari ya kutoka nchi kavu kwenda baharini, kila mita 20, unachukua nukta zilizo karibu na mstari huo na zilizo nusu mita juu na nusu mita chini ya kimo chako, unapitisha mstari mnyoofu katikati yake, na pale unapokata kimo ndipo pwani ilipo. Faida yake ni mbili. Kama nukta ziliishia juu kidogo ya kimo, mstari unaurefusha mteremko hadi chini. Na mteremko wenyewe unaupata bure, ambao utauhitaji sasa hivi. Nukta zikiwa zimetapakaa ovyo, usilazimishe. Acha pengo kwenye ramani.

Kupima uhamaji

Chora mstari wa msingi nchi kavu, sambamba na ufuo, nyuma ya pwani zote mbili. Weka nukta kila mita 50 juu yake, na kutoka kila nukta peleka transekti, yaani mstari wa kukatia ufuo, baharini kwa pembe mraba. Kila transekti itakata pwani ya zamani na pwani mpya. Umbali kutoka msingi hadi ya pili, toa umbali hadi ya kwanza: jibu hasi ni mmomonyoko, jibu chanya ni mchanga umeongezeka. Gawa kwa miaka, na miaka ihesabu kwa tarehe halisi za ndege, zilizo kwenye maelezo ya data. Jina la faili halitoshi. Yote haya QGIS inayafanya. USGS nayo ina programu yake ya kazi hii, DSAS, na toleo la 6 linafanya kazi lenyewe bila kuhitaji programu ya kulipia.

Msimu nao una neno lake. Huko Marekani dhoruba za baridi hukwangua ufuo na kiangazi huurudishia mchanga. Kwetu ni kusi na kaskazi: ufuo uliouona kaskazi ikivuma siyo utakaoukuta kusi ikishika. Linganisha Septemba na Septemba. Ukilinganisha wiki moja baada ya kimbunga na miaka mitano kabla yake, umepima kimbunga, na huenda nusu ya mchanga huo utarudi wenyewe.

Na uliza kama kuna mtu ameleta mchanga. Assateague, kuanzia 2004, mashua maalumu huchota mchanga karibu na mlango na kuumwaga mbele ya ncha ya kaskazini. Ukipima kipindi hicho bila kujua, utaandika kuwa bahari imepunguza ukali.

Makosa, na mfongo wa babu

Tuseme safari ya kwanza ina kosa la kimo la sentimita 15, ambalo ndilo lililokuwa la kawaida kwa mashine za miaka ya 1990, na ya pili sentimita 10. Ufuo una mteremko wa 1 kwa 20. Zidisha: kosa la mahali pa mstari ni mita 3 kwa wa kwanza na mita 2 kwa wa pili. Hatujumlishi moja kwa moja; tunachukua mraba wa kila moja, 9 na 4, tunajumlisha, tunatafuta kipeuo cha pili: mita 3.6.

Kama mstari umerudi nyuma mita 12 kwa miaka 15, kasi ni mita 0.8 kwa mwaka, kosa ni 3.6 gawa kwa 15, yaani 0.24. Hilo nalisimamia mbele ya yeyote. Mita 3 kwa miaka 2? Kasi ni 1.5, kosa 1.8. Hapo hujapima kitu, hata kama ramani imependeza.

Sasa badilisha kitu kimoja tu, mteremko uwe 1 kwa 50. Makosa yanakuwa mita 7.5 na mita 5, pamoja mita 9. Zile mita 12 za miaka 15 zinabaki 0.8 kwa mwaka, lakini kosa limepanda hadi 0.6. Mashine ni ileile, ndege ileile, rubani yuleyule. Kijana alipoona hesabu hii alikwenda ubaoni akairudia mwenyewe mara mbili, na tangu hapo ndilo swali lake la kwanza kwa ufuo wowote: unashuka vipi?

Kosa jingine linaingia unapochanganya vyanzo. Ramani za zamani na picha za ndege zilichorwa kwa kufuata alama ya mchanga uliolowa, pale wimbi la mwisho la maji kujaa lilipofika. Wimbi hupanda juu ya usawa wa maji, kwa hiyo alama hiyo iko nyuma kuelekea nchi kavu kuliko kontua ya wastani wa maji kujaa. Ukiweka alama ya picha ya zamani kama mwanzo na kontua ya laida kama mwisho, ufuo utaonekana umeongezeka kwa mita kadhaa ambazo hazipo. Kwenye ufuo tambarare ni nyingi zaidi, na unajua sasa ni kwa nini.

Na ukishapata mstari, toa rasta moja kwenye nyingine uone ujazo. Mstari unaweza kutulia huku tuta la nyuma linaliwa. Hiyo ni kazi ya dakika kumi ukiwa tayari na rasta zako.

Kurudi Pangani

Laida ya ndege ni ghali, na mama mkwe hawezi kuisubiri. Lakini kila nilichoeleza, isipokuwa ndege, kinawezekana kwa levo, darubini ya kusomea vimo, na stafu, fimbo yake yenye vipimo. Mwezi wa sita tulipanda basi la alfajiri kutoka stendi ya Moshi, Same, Mombo, Segera, hadi Tanga, kesho yake tukaingia Pangani. Tulimwaga zege bikoni mbili nyuma ya nyumba, mbali na maji, tukazichukua kwa GPS kwa muda wa kutosha. Ukifanya hivi kwenu, angalia mfumo: ramani nyingi za zamani za Tanzania ziko kwenye Arc 1960, na GPS iko kwenye WGS84. Ukiziweka pamoja bila kuzigeuza, mahali pamoja panaachana kwa takriban mita 300.

Kutoka kila bikoni tulipima mkato hadi majini, maji yakiwa yamekupwa siku ya bamvua, stafu kila mita 2 na kila mteremko ulipobadilika. Kijana alishika stafu akiwa amezama magotini. Mikato hii ni pwani yetu ya mwanzo. Ndege au droni ya leza ikipita siku moja, bikoni zile ndizo zitakazosema kama vimo vyake ni vya kweli, kama zile barabara za Ocean City.

Katikati ya safari na safari tunahitaji macho. Nilimwomba mama mkwe, na alikubali kabla sijamaliza kueleza. Tulipima hatua yake kwa utepe, mara kumi, ikatoka sentimita 62. Baada ya kila bamvua anasimama kwenye bikoni ya kwanza na kuhesabu hatua hadi ukingo wa majani, siyo hadi maji, kisha anapiga simu, nami naandika tarehe na namba kwenye daftari lilelile lenye kimo cha Assateague.

"Kumi na nne na nusu, mwanangu," alisema mara ya mwisho. "Mwezi uliopita zilikuwa kumi na tano. Nimerudia mara mbili."